Je, Wajua? Sauti na Picha Katika Tamasha la Mji

Tamasha la sanaa likiingia mjini, ratiba huwa imeshagawanywa: wachoraji na wachongaji wapewe ukumbi, wanamuziki wapewe jukwaa, na mtazamaji achague pa kwenda. Wapo wasanii waliokataa mgawanyo huo. Mmoja aliweka wimbo chini ya madaraja, mwingine aliandika mwanga kwenye karatasi ya noti, mwingine alikwaruza kioo kikatoa muziki. Hapa tumekusanya habari zao, kutoka Glasgow hadi Lamu. Zote zinaonyesha jambo moja: sauti ikipatiwa mahali panapoistahili, mji wenyewe ndio unaokuwa kazi ya sanaa.

Je, wajua kuwa tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza iliwahi kutolewa kwa sauti tupu?

Mwaka 2010, katika tamasha la Glasgow International nchini Uskoti, Susan Philipsz, msanii aliyezaliwa katika mji huohuo, aliweka spika chini ya madaraja matatu ya mto Clyde. Hapakuwa na picha wala sanamu. Aliimba mwenyewe, bila ala yoyote, wimbo wa kale uitwao Lowlands Away, unaosimulia habari za baharia aliyekufa maji kisha akamtokea mpenzi wake kumuaga. Alirekodi matoleo matatu yanayotofautiana, yakawa yanasikika kwa pamoja, yakipishana na kukutana juu ya maji.

Philipsz hakusomea uimbaji, na hakutaka kusikika kama mwimbaji wa jukwaani. Sauti yake ni ya mtu wa kawaida anayejiimbia akidhani yuko peke yake. Pumzi zake zinasikika, na hakuna pambo lililoongezwa. Chini ya daraja, zege hurudisha mwangwi, maji hupita taratibu, magari hunguruma juu ya kichwa. Mpita njia aliyekuwa akiwahi kazini alijikuta ndani ya wimbo kabla hajajua unatoka wapi. Mto Clyde ndio ulioijenga Glasgow kwa biashara na kwa viwanda vya meli, kwa hiyo wimbo wa baharia aliyezama ulikuwa umewekwa penyewe hasa.

Desemba mwaka huo kazi hiyo ilimpatia Philipsz Tuzo ya Turner, yenye thamani ya pauni 25,000. Tangu tuzo hiyo ianzishwe mwaka 1984, hakuna msanii wa sauti aliyekuwa ameipata. Jioni ya kutangazwa kwake, wanafunzi waliokuwa wakiandamana kupinga kupunguzwa kwa fedha za elimu na sanaa walipaza sauti ndani ya jengo la Tate Britain, na kelele zao zikasikika hadi ukumbini.

Je, wajua kuwa dirisha la nyumba yako linaweza kuwa sehemu ya tamasha?

Tarehe 18 Septemba 1979, mji wa Linz nchini Austria ulianzisha tamasha la Ars Electronica, ambalo hadi leo ni miongoni mwa matamasha makubwa duniani ya sanaa na teknolojia. Usiku huo Simfoni ya Nane ya Anton Bruckner, mtunzi aliyewahi kuwa mpiga kinanda wa kanisa kuu la Linz, ilipigwa kwa spika kubwa katika bustani iliyo kando ya mto Danube. Wakati huohuo ilirushwa redioni, na wakazi wakaombwa waweke redio zao madirishani ili muziki utoke kila mtaa. Watu wapatao 100,000 walikusanyika kando ya mto, katika mji wenye wakazi wapatao laki mbili. Shughuli hiyo ilipewa jina lenye maana ya wingu la sauti. Baadaye iliongezewa taa, miale ya leza na fataki, na bado hufanyika Septemba.

Lyon, nchini Ufaransa, ilitangulia kutumia madirisha, ila kwa mwanga. Desemba 8, 1852, wakazi walikuwa wanangoja kuzinduliwa kwa sanamu ya Bikira Maria juu ya kilima cha Fourvière. Dhoruba ilitishia kuharibu sherehe, na hali ya hewa ilipotulia watu wakawasha mishumaa madirishani kwa hiari yao. Desturi hiyo haikufa. Siku hizi Lyon huandaa tamasha la mwanga kila Desemba, ambapo kuta za majengo ya kale hugeuzwa skrini kubwa, na picha husogea juu yake kwa kufuata muziki.

Je, wajua kuwa sauti inaweza kuchora yenyewe?

Mwaka 1787, Ernst Chladni wa Ujerumani alichapisha kitabu kilichowashangaza wasomi na wasanii. Alikuwa akichukua bamba la chuma lililoshikizwa katikati, analinyunyizia mchanga mwembamba, kisha anapitisha upinde wa fidla kwenye ukingo wake. Bamba linalia, na mchanga unaanza kukimbia. Chembe zinaruka, zinajipanga, na baada ya muda mfupi zinatulia katika mistari: nyota, misalaba, miduara. Akigusa ukingo mahali pengine kwa kidole, sauti inabadilika na mchoro nao unabadilika. Kadiri sauti inavyokuwa nyembamba, ndivyo mchoro unavyojaa mistari.

Sababu yake ni hii: bamba linapolia halitikisiki lote kwa nguvu moja. Zipo sehemu zinazopanda na kushuka kwa kasi, na ipo mistari ambayo haitikisiki kabisa. Mchanga hufukuzwa penye mtikisiko na kukimbilia penye utulivu. Mchoro unaouona ni ramani ya mahali ambapo sauti imenyamaza.

Chladni alizunguka miji ya Ulaya akionyesha jambo hilo, na mwaka 1809 alilionyesha mbele ya Napoleon mjini Paris. Ufaransa ikatangaza zawadi kwa atakayeeleza kwa hesabu jinsi michoro ile inavyotokea. Aliyeipata, mwaka 1816, ni Sophie Germain, mwanamke aliyejifunza hisabati nyumbani na aliyewahi kuwaandikia wataalamu kwa jina la mwanamume ili wamsikilize. Jaribio lake la kwanza lilikataliwa, la pili likasifiwa bila kupewa zawadi, la tatu likashinda. Hakuna mwanamke aliyekuwa amepata zawadi ya Akademia ya Sayansi ya Paris kabla yake.

Unaweza kulijaribu jambo hili nyumbani. Tafuta kopo lililotolewa kitako na kifuniko, na uhakikishe kingo zake hazikati. Kata puto, livute juu ya mdomo mmoja wa kopo na ulifunge kwa mpira likaze vizuri. Nyunyiza chumvi kidogo juu yake, kisha weka mdomo wako upande wa pili uimbe sauti moja ndefu. Panda na kushuka hadi upate sauti inayoifanya chumvi icheze. Watoto hawachoki na mchezo huu.

Je, wajua kuwa kinanda cha rangi kilibuniwa karibu miaka 300 iliyopita?

Mwaka 1725 padri Mjesuiti wa Ufaransa, Louis-Bertrand Castel, alipendekeza kinanda ambacho kila kibonyezo kingefungua kidirisha chenye kioo cha rangi yake. Alitaka hata kiziwi aufurahie muziki kwa macho. Isaac Newton alikuwa ameshafungua njia: katika kitabu chake cha mwaka 1704 kuhusu mwanga, aligawanya upinde wa mvua katika rangi saba na kuzilinganisha na noti saba za muziki.

Umeme ulipokuja, wazo hilo likapata nguvu mpya. Mwingereza Alexander Wallace Rimington alipata hataza ya kinanda chake cha rangi mwaka 1893, na mwaka 1895 akakionyesha hadharani London.

Aliyefika mbali zaidi ni mtunzi Mrusi Alexander Scriabin. Katika kazi yake Prometheus, aliyoimaliza mwaka 1910, aliandika mstari maalumu wa mwanga juu ya mistari ya fidla, tarumbeta na ngoma, ili mtu asome noti na kubadili rangi za ukumbi. Kazi hiyo ilipigwa kwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1911 bila mwanga wowote. Mwanga ulitumika Machi 20, 1915, katika ukumbi wa Carnegie, New York. Scriabin hakuwepo. Alifariki Moscow wiki chache baadaye, hajaiona kazi yake ikipigwa kama alivyoiandika.

Je, wajua kuwa wachoraji wamewahi kuubadili muziki, na muziki ukawabadili wachoraji?

Mwanzoni mwa Januari 1911, Wassily Kandinsky alihudhuria onyesho la muziki wa Arnold Schoenberg mjini Munich. Siku chache baadaye akachora picha inayohifadhiwa hadi leo katika mji huo: rangi ya manjano imefurika kwenye turubai, na juu yake kuna umbo jeusi la piano. Mtazamaji haoni ukumbi wala sura za watu. Anaona jinsi sauti ilivyomjaa mchoraji.

Miaka miwili baadaye mchoraji Mwitaliano Luigi Russolo alitoa tamko lililodai kwamba kelele za mji, yaani mashine, treni na viwanda, zina haki ya kuingia kwenye muziki. Akaunda masanduku ya mbao yenye mapembe makubwa, yaliyonguruma na kupiga miluzi yakizungushwa kwa mkono. Yalipopigwa Milan mwaka 1914, ukumbi uligeuka uwanja wa ghasia.

Mwaka 1951 Mmarekani Robert Rauschenberg alichora turubai nyeupe tupu, zinazobadilika tu kwa kivuli cha anayepita na mwanga wa chumba. Rafiki yake, mtunzi John Cage, alizitazama na kupata ujasiri. Agosti 1952 kazi yake ya dakika nne na sekunde 33 ilipigwa kwa mara ya kwanza: mpiga piano alikaa mbele ya ala asiguse hata noti moja, na wasikilizaji wakabaki na sauti za mahali walipokuwa. Cage mwenyewe alisema kwamba picha zile nyeupe ndizo zilizotangulia.

Je, wajua kuwa muziki uliwahi kugeuka jengo?

Iannis Xenakis alikuwa mhandisi Mgiriki katika ofisi ya msanifu majengo Le Corbusier mjini Paris, na pia mtunzi wa muziki. Katika kazi yake Metastaseis, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1955, kila mwanamuziki kati ya 61 ana sehemu yake ya pekee, na fidla huteleza kutoka sauti moja hadi nyingine bila kukatika. Xenakis aliichora miteremko hiyo kwa mistari iliyonyooka kwenye karatasi ya grafu. Mistari ilipopishana kwa wingi, ilitengeneza mikunjo.

Kampuni ya Philips ilipotaka banda kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya Brussels ya mwaka 1958, Xenakis alitumia mikunjo ya namna ileile kuchora kuta za zege zilizopinda hadi kukutana kileleni. Ndani, wageni walikaa katika giza kwa dakika nane wakitazama picha na rangi zikipita ukutani, huku muziki wa elektroniki wa Edgard Varèse ukikimbia kutoka spika hadi spika. Spika zilikuwa zaidi ya 300. Banda lilibomolewa mwaka 1959, lakini wasanii wanaotumia projekta na spika matamashani bado wanasoma kutoka kwake.

Je, wajua kuwa mtu anaweza kuchora picha ikaimba?

Mhandisi wa Kisovieti Evgeny Murzin alianza kuiwazia mashine yake kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na kuikamilisha mwishoni mwa miaka ya 1950. Mtunzi hupewa kioo kilichopakwa utando mweusi usiokauka. Anaukwaruza. Mwanga hupita palipokwaruzwa na mashine huugeuza kuwa sauti: mkwaruzo wa juu hutoa sauti nyembamba, wa chini hutoa nzito, na mrefu hudumu zaidi. Sauti zilizopatikana ni 720. Murzin aliipa mashine hiyo herufi za kwanza za majina ya Scriabin, yule wa Prometheus, na muziki wa mashine hiyo unasikika katika filamu ya Andrei Tarkovsky ya mwaka 1972, Solaris.

Huko Kanada, Norman McLaren, mzaliwa wa Uskoti, alitengeneza sauti kwa michirizi kwenye ukingo wa filamu, mahali ambapo mashine ya sinema husoma sauti. Katika filamu yake Synchromy ya mwaka 1971, aliichukua michirizi hiyo na kuileta katikati ya skrini kwa rangi kali. Unachokiona ndicho unachokisikia, hasa.

Je, wajua kuwa jicho linaweza kulidanganya sikio, na sikio likalidanganya jicho?

Mwaka 1976 wanasaikolojia Harry McGurk na John MacDonald walieleza jaribio hili: mtazamaji anaonyeshwa mdomo unaosema "ga", huku akisikilizishwa sauti ya "ba". Watu wazima wengi husikia "da", silabi ambayo haikusemwa wala kuonyeshwa. Ukifumba macho, "ba" inarudi. Ukifumbua, "da" inarudi, hata kama umeshaambiwa siri.

Mwaka 2000 Ladan Shams na wenzake walionyesha upande wa pili. Nuru ikimulika mara moja tu, lakini ikaambatana na milio miwili ya haraka, watu wengi huapa wameona nuru mbili. Ubongo hauweki macho katika chumba chake na masikio katika chumba chake. Huchanganya taarifa zote na kutoa habari moja.

Sinema hutegemea jambo hilo kila siku. Spika kuu za ukumbi huwa nyuma ya pazia, na pazia lenyewe lina vitundu vidogo vingi vya kupitishia sauti, usivyoweza kuviona ukiwa kwenye kiti. Hata mwigizaji akiwa pembeni kabisa mwa picha, macho yako huivuta sauti na kuipachika mdomoni mwake.

Je, wajua kwa nini mpiga ngoma jukwaani huonekana akipiga kabla hujasikia?

Mwanga husafiri takribani kilomita 300,000 kwa sekunde. Sauti, katika joto la nyuzi 30 kama la Dar es Salaam au Mombasa, husafiri takribani mita 349 tu. Mtu aliyesimama mita 100 kutoka jukwaani huona mkono wa mpiga ngoma ukishuka, kisha ngoma inamfikia baada ya zaidi kidogo ya robo ya sekunde.

Katika viwanja vikubwa mafundi huongeza spika katikati ya umati. Lakini umeme hufika kwenye spika hizo papo hapo, wakati sauti ya jukwaani bado iko njiani, na msikilizaji angesikia kila kitu mara mbili. Kwa hiyo fundi huzichelewesha spika za katikati ili sauti yake itoke pamoja na ile iliyosafiri hewani, au nyuma yake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Uchunguzi wa Mjerumani Helmut Haas, uliotolewa mwaka 1949, ulionyesha kwamba sauti mbili zikifuatana kwa karibu sana, sikio huziunganisha na kuamini kwamba zimetoka kule ilikotoka ya kwanza. Fundi anayejua hilo humfanya mtu wa nyuma kabisa asadiki kwamba anamsikia mwimbaji mwenyewe. Ukihudhuria tamasha na kila kitu kikasikika sawasawa, mtafute fundi umshukuru.

Je, wajua kuwa katikati ya New York kuna kazi ya sanaa isiyo na kibao?

Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama. Max Neuhaus, mpiga ngoma na ala za kugonga wa Marekani, aliona kwamba mwenye masikio anahitaji kuambiwa. Mwaka 1966 aliwaita watu waliotarajia onyesho la muziki, akawagongea mhuri mkononi wenye neno moja la kuwaamuru wasikilize, kisha akawaongoza kutembea katika mitaa ya New York. Onyesho lilikuwa mji wenyewe.

Mwaka 1977 aliweka mitambo chini ya wavu wa chuma katika kisiwa cha waenda kwa miguu pale Times Square. Sauti nzito inapanda kutoka chini, inafanana na mlio wa kengele kubwa unapokaribia kufifia, na inaendelea mchana na usiku. Hakuna kibao chenye jina la msanii. Maelfu hupita juu yake wakidhani ni mashine za reli ya chini. Mwaka 1992 ilizimwa, na mwaka 2002 ikarudishwa. Anayeigundua huigundua mwenyewe, na hapo ndipo utamu wake ulipo.

Je, wajua kuwa bahari inaweza kupewa kinanda?

Ufukwe wa mji wa Zadar, Kroatia, uliharibiwa katika Vita vya Pili vya Dunia na kujengwa upya kwa ukuta wa zege usiovutia. Mwaka 2005 msanifu Nikola Bašić aliigeuza sehemu yake ya mita 70 kuwa ngazi pana za mawe zinazoshuka majini, na chini yake akaficha mabomba 35. Wimbi likiingia, linasukuma hewa, na hewa inatoka juu ikiwa muziki. Hakuna anayepiga na wimbo haurudiwi. Mwaka 2008 akaongeza, jirani yake, duara la vioo 300 lenye upana wa mita 22, linalokusanya nguvu za jua mchana na kuwaka rangi usiku. Wakazi wamerudi kukaa kando ya bahari yao jioni.

Je, wajua kuwa unaweza kutembea katikati ya kwaya bila kuwasumbua waimbaji?

Mwaka 2001 Mkanada Janet Cardiff alirekodi kwaya ya kanisa kuu la Salisbury, Uingereza, ikiimba wimbo wa karne ya 16 wa Thomas Tallis wenye sauti 40 tofauti. Kila sauti aliipa spika yake, zikapangwa kuzunguka chumba kwa urefu wa kichwa cha mtu. Ukisimama katikati, unafunikwa na kwaya nzima. Ukisogea kwenye spika moja, unamsikia mwimbaji mmoja, na pumzi yake, akikungoja umsikilize. Kabla ya wimbo kuanza tena zinasikika dakika chache za mapumziko: waimbaji wakikohoa, wakipiga soga, wakijiandaa.

Emeka Ogboh, msanii wa Nigeria aliyejulikana kwa kurekodi sauti za Lagos, alitumia njia ya namna hiyo kuuliza swali zito. Katika Biennale ya Venice ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Mnigeria mwenzake Okwui Enwezor, alipeleka sauti za Waafrika wanaoishi Ujerumani wakiuimba wimbo wa taifa wa nchi hiyo kwa lugha 10 za Kiafrika, zikiwemo Kiyoruba, Kiigbo, Kilingala na Kikongo. Msikilizaji anasimama mbele ya spika na kujiuliza: wimbo wa taifa ni wa nani?

Je, wajua kuwa pwani yetu iliunganisha sauti na uchongaji zamani sana?

Katika makumbusho ya Lamu zimehifadhiwa siwa mbili mashuhuri: ya Pate, iliyochongwa kwa pembe ya ndovu, na ya Lamu, iliyotengenezwa kwa shaba. Siwa ni baragumu kubwa na refu, na hupulizwa kwa tundu lililo ubavuni. Mafundi waliipamba kwa nakshi za ustadi mkubwa, kwa sababu ilikusudiwa kutazamwa kadiri ilivyokusudiwa kusikika. Ilipulizwa katika shughuli za watawala na harusi za waungwana. Kuitenganisha sauti yake na nakshi zake ni kuikata vipande.

Kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, Wamakonde nao wana mapiko, ngoma ya vinyago. Mchezaji huvaa kinyago chepesi cha mti kinachofunika kichwa chote, na huona kupitia mdomo wa kinyago hicho. Kinyago kikitundikwa ukutani nje ya nchi, mtazamaji hupata nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni ngoma zinazokiamuru kisogee, kitetemeke na kusimama ghafla.

Je, wajua kuwa kazi hii inaendelea leo katika miji yetu?

Lubumbashi, mji unaozungumza Kiswahili kusini mwa Kongo, una biennale yake tangu mwaka 2008, iliyoanzishwa na kikundi kinachoitwa Picha, ambacho mpigapicha Sammy Baloji ni mmoja wa waasisi wake. Kampala ina tamasha la KLA ART tangu mwaka 2012, lililoitoa sanaa ukumbini na kuipeleka barabarani, kwenye makontena na baadaye kwenye bodaboda.

Kutoka Nairobi ametokea Joseph Kamaru, anayefahamika kwa jina la kisanii KMRU, mjukuu wa Joseph Kamaru, yule mwanamuziki mkongwe wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Mjukuu hurekodi sauti za mazingira na kuzifuma kuwa kazi ndefu za kusikiliza kwa utulivu. Mwaka 2022 alitoa kazi iliyotumia sauti za Kiafrika zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na hivyo kufungua swali la nani mwenye haki ya sauti zilizochukuliwa enzi za ukoloni.

Maonyesho ya sauti na mwanga kwenye majengo ya kale nayo si mageni kwetu. Yalianza katika kasri la Chambord, Ufaransa, mwaka 1952, yakafika kwenye piramidi za Giza mwaka 1961, na Fort Jesus ya Mombasa imewahi kuwa nayo.

Zanzibar ina tamasha la filamu tangu mwaka 1998 na Sauti za Busara tangu mwaka 2004. Waandaaji wa matamasha haya na mengine, tunawaomba jambo moja: katika ratiba ijayo, mpeni mchoraji na mwanamuziki mahali pamoja, na mahali pachaguliwe kwanza. Kuta za Ngome Kongwe ya Zanzibar, gati la Lamu na stesheni ya zamani ya reli ya Nairobi zinatosha kuanzia, na spika chache zinatosha kuanza. Nawe msomaji, tamasha likija mjini kwako, usiishie kutazama.